Ugonjwa wa Kujificha wa Pikapu ya Yona

Mmeniuliza kisimani, mmeniuliza kanisani, hata juzi mama Neema kanishika mkono nina ndoo kichwani, "Bibi, tuambie, mlikwama wapi siku zote zile?" Shingo yangu siku hizi haiwezi ndoo na masimulizi kwa pamoja. Basi nimekaa, nimeandika kwa herufi zangu za ngumbaru, zinapanda na kushuka kama mbuzi kwenye kichuguu, mtavumilia. Anayejua kusoma awasomee wenzake. Na sauti za watu azisome nilivyoziandika, asisome wote kwa sauti moja kama anatangaza mkutano wa kijiji.

Mambo ya karatasi na mihuri nayaacha, hayo ni ya Yona. Mimi nitasema njia, watu na tulichokula.

Kwanza mjue kilichotutoa nyumbani. Pikapu ya mwanangu Yona mnaijua, ile nyeupe inayopeleka mpunga wenu na samaki wenu mjini. Ilitoka Japani imeshatumika, kama makoti ya mitumba, na ilinunuliwa kwa ng'ombe aliowaacha marehemu mume wangu. Mimi niliruhusu wauzwe. Aliyekataa ni shemeji yangu Ndahani wa Kongwa, kaka mkubwa wa marehemu. Ndahani sauti yake inatokea tumboni, polepole, kama mtu anashusha gunia: "Ng'ombe anazaa. Gari inazaa nini?" Nikamwambia itazaa safari. Hakucheka. Ndahani hacheki mpaka mvua inyeshe.

Sasa wale waliotuuzia, pale mjini, walimpa Yona waranti. Waranti ni hivi: gari ikiugua, waliokuuzia ndio wanaoitibu, bure. Ile ya kwanza ilikuwa fupi, Yona akalipia nyongeza. Na hiyo nyongeza ilikuwa inakwisha Ijumaa, na gari inaumwa. Lakini ugonjwa wenyewe wa kujificha. Njiani inagoma, haiwaki hata uiombee. Ukiifikisha gereji inawaka kama kiberiti kipya. Yona kaipeleka, karudishwa, kaipeleka, karudishwa. Masharti yao ni kwamba fundi wao auone ugonjwa kwa macho yake. Ijumaa ikipita haujaonwa, shauri yako. Yona hana cha kununulia injini, pikapu ingeuzwa chuma chakavu, na ng'ombe wa baba yake ndio wangekuwa wameyeyuka hivyo hivyo, mkononi mwangu niliyeruhusu.

Nikamwambia, "Safari hii tunakwenda wote. Mimi nimeuguza watoto, ugonjwa wa kujificha naujua. Unamkalia mgonjwa mpaka ujitokeze."

Bahi mpaka mjini, na ilivyotugomea

Tuliondoka Jumatano asubuhi na gunia la mchele, samaki wakavu kwenye kikapu, na mimi mbele karibu na Yona, dirisha wazi, vumbi lote langu.

Hatujafika hata nusu ya njia tukamkuta mzee Chilewa anachunga, yule mwenye sikio lililotoboka tundu kubwa. Yona akasimama vizuri, akazima gari, akashuka, nami nikashuka, kama nilivyomlea. Tukasalimiana. Za huko, za kwenu, watoto, wajukuu, ng'ombe wameamkaje, mvua mliipata au ilipita juu, mtama umebeba au umedanganya. Na yeye akaanza upande wake, akauliza yote, tukajibu. Mnajua wenyewe. Tukaagana.

Yona akapanda, akazungusha ufunguo. Nye-nye-nye-nye. Kimya. Nye-nye-nye. Kimya.

Yona akaweka kichwa kwenye usukani. "Mama, umeona?"

"Nimeona. Ungekuwa na fundi hapa ungekuwa tajiri."

Tukakaa chini ya gari, ndicho kivuli kilichokuwepo. Chilewa naye kakaa nasi kwa huruma, na huruma yake ilikuwa ya kuuma. Anaongea kwa pua, kama ana mafua tangu kuzaliwa: "Punda wangu hajawahi kunifanyia hivi, Yona. Anagoma, lakini unajua kwa nini." Tukala karanga zake. Baadaye sana Yona akajaribu tena, ikawaka, mara moja, kama haijawahi kukosa adabu.

Mjini tuliingia gari inaimba. Nilitamani niipige kofi.

Gereji, ambako ilikuwa malaika

Gereji ile ina ofisi yenye feni na meneja kijana mwenye miwani. Alitoka akasema "shikamoo mama" huku anaangalia saa, nikasema "marahaba" kwa saa yake.

Meneja anaongea kwa kukata, kila neno analipigia muhuri: "Mama. Hii gari. Tumeichek. Tumeitesti. Iko fiti. Problemu hatuioni."

"Mwanangu, na mimi nilikuwa na mtoto akimwona mganga anaacha kukohoa."

"Mama, sisi hatuwezi kubadili spea kwa kitu hatujakiona. Waranti inasema kionekane."

Akamwita fundi. Fundi anaitwa Sudi, kijana wa Dar, mwembamba, mikono ya grisi mpaka viwikoni. Huyu anaongea kwa haraka, nusu ya maneno anayameza mwenyewe: "Kaka niambie, inagomaje, inakohoa, inatetemeka, mafuta yanakuja, inagoma mkiwa mnafanya nini?"

Yona akasema, "Hatufanyi kitu. Tunasimama tu, tukitaka kuondoka, haiwaki."

"Mkisimama mnafanya nini?"

"Hatufanyi kitu, fundi."

Nami nikatingisha kichwa kumwunga mkono mwanangu. Ilikuwa kweli. Hatukuwa tumefanya kitu.

Sudi akawasha, ikawaka. Akazima, akawasha papo hapo, ikawaka. Akaikanyaga mafuta mpaka moshi, akazima, akawasha. Ikawaka. Yona akawa mdogo, mdogo, kama mtu aliyepeleka kesi ya uchawi polisi.

Hapo nikaona nikae chini. Sikukasirika, nilikaa tu, pale sakafuni mlangoni kwa meneja, nikanyoosha miguu. Nikasema, "Mimi siondoki. Mgonjwa wangu mnamwona dakika mbili mnasema mzima. Nipeni fundi atembee naye. Apande kwetu, alale kwetu, ale kwetu, mpaka ugonjwa umtoke mbele yake."

Meneja akaangalia miguu yangu, akaangalia wateja wengine wanaotaka kupita. Akasema kwa muhuri, "Sudi. Kesho. Uende nao. Ijumaa kabla hatujafunga, gari iwe hapa."

Chang'ombe, usiku wa kwanza

Tulilala Chang'ombe, pale pale mjini, kwa Eliza, mtoto wa kaka yangu, yule mwenye kiduka cha sabuni na mafuta ya taa. Nyumba zimebanana hivyo kwamba jirani akipiga chafya wewe ndiye unayesema pole. Eliza akapika wali wa mchele wangu na samaki wangu, akanikaribisha kama ni wake.

Eliza mnamfahamu, sauti yake inapanda mwisho wa kila sentensi, hata akisema amina inakuwa swali. "Shangazi, kwa hiyo mnazunguka barabarani mnaomba gari iharibike?"

"Ndiyo."

"Na mmeshamwambia mchungaji awaombee?"

"Atuombee nini, Eliza, safari mbaya?"

Tulicheka, Yona hakucheka. Aliniuliza usiku kama kweli nilikuwa naamini ni ugonjwa wa chuma, maana kule nyumbani wameanza kusema mambo ya uchawi. Nikamwambia alale.

Chamwino mpaka Kibaigwa, na haikukohoa hata kidogo

Alhamisi Sudi akachukua usukani mwenyewe. Yona katikati, mimi dirishani. Nikachagua njia ya Kongwa, nikasema mchele wa shemeji haujapelekwa tangu mavuno, tutue kwake. Yona akanikanyaga mguu. Alitaka tuzunguke popote duniani isipokuwa mbele ya macho ya Ndahani. Nikamwambia kwa Kigogo kwamba mkwepa mkubwa hukutana naye chooni.

Lami ile ni tamu, inateleza. Lakini Sudi, jamani. Mtu mzima akisimama kando ya barabara, Sudi anampungia mkono. Anapita. Pale Chamwino tukamkuta katekista wetu wa zamani, mzee Mika, kasimama na baiskeli yake. Nikasema simama. Sudi akapunguza mwendo, gari inanguruma, kichwa nje ya dirisha: "Shik'moo mzee, habari za hapa, haya mzee, twen'zetu." Tukaenda. Mzee Mika alikuwa bado anafungua mdomo kusema marahaba.

Nikamwambia, "Fundi, marahaba ya yule mzee imeangukia lami."

"Bibi, mimi gari nikisimama kidogo sizimi. Kuzima-zima kunaua stata."

Sizimi, ndivyo alivyosema. Sikujua wakati ule kwamba hapo ndipo penyewe.

Tukafika Kibaigwa. Hata haikukohoa. Malori ya mahindi yamepangana, wachukuzi wanapigiana kelele, wale wanunuzi wa soko huria kila mmoja na mzani wake na kila mzani na mawazo yake. Tukala pale nyama ya mbuzi na ndizi, tukala kwa muda mrefu, maana Yona alikuwa anatafuna kila kipande kama anakiaga. Tukarudi kwenye gari. Imepoa, imetulia. Sudi akazungusha. Ikawaka.

Sudi akafuta mikono akasema, na safari hii hakumeza maneno: "Kaka, nisikudanganye. Gari hii nzima. Mimi nitasema nilichokiona."

Yona akaangalia yale malori. Mimi nikasema, "Basi tupeleke mchele wa watu, halafu ukaseme."

Mbande kuingia Kongwa, kwa shemeji

Tukarudi nyuma mpaka Mbande, hapo tukaiacha lami tukashika vumbi la Kongwa. Jua la mchana, gari ya moto, Sudi anaharakisha. Alikuwa ameshapanga: "Tunashusha mchele, dakika mbili, tunageuza, tunalala mjini."

Tukaingia uani kwa Ndahani. Tembe lake lile lile, paa la udongo, ndama wamefungwa kivulini. Ndahani katoka na fimbo. Sudi akatoa kichwa nje, injini inanguruma, akafungua mdomo kuanza shik'moo yake ya dirishani.

Nikamshika mkono wenye grisi. "Mwanangu, huyu ni kaka wa mume wangu. Kwa huyu hutasalimia kutoka dirishani. Zima. Shuka."

Labda nilimwangalia vile ninavyowaangalia ninyi mkizungumza kwenye mahubiri. Akazima. Akashuka. Akasimama na ufunguo mkononi.

Ndahani akaanza salamu, kwa Kigogo. Mbukwa. Mbukwa. Watu wa Bahi wameamkaje. Wameamka. Watoto. Wazima. Maji ya mbugani yamefika wapi mwaka huu. Mpunga. Samaki. Jino langu lililoniuma mwaka jana, akalikumbuka, akaliulizia. Nami nikaanza upande wangu, nikamwulizia mke mkubwa, mke mdogo, goti lake, ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi. Yona akaulizwa, akajibu macho chini. Halafu Ndahani akamgeukia Sudi.

"Na huyu, kwao wapi?"

"Dar, mzee."

"Baba yako mzima?"

"Mzima, mzee."

"Ng'ombe wenu wameamkaje?"

Sudi akaniangalia. Nikaangalia mbinguni. "Hatuna ng'ombe, mzee. Tuna... babu yangu ana minazi Mkuranga."

Ndahani akafikiri. Ni mtu wa haki, hamwachi mtu bila kumaliza salamu yake. "Minazi imeamkaje?"

"Imeamka salama, mzee."

"Inazaa?"

"Inazaa."

"Ndiyo," akasema Ndahani, na akaniangalia mimi, "kitu kinachozaa."

Tukamaliza. Sudi, mbio, akapanda aisogeze gari mlangoni tushushe mchele.

Nye-nye-nye-nye. Kimya.

Akarudia. Nye-nye-nye. Kimya.

Ndugu zangu, mimi sijawahi kusikia ukimya mtamu vile, wala mchungu vile. Yona karuka. Mtoto wangu mwenye watoto wake karuka kama ndama, akamkumbatia Sudi dirishani, na Sudi anacheka, anapiga usukani, "Imegoma, kaka, imegoma kweli!" Na huku mbele yangu Ndahani kaegemea fimbo anatutazama. Siku nzima nilikuwa naomba gari igome. Sikusema igomee wapi.

Ndahani akashusha gunia lake la sauti: "Shemeji. Gari ya watoto imekufa. Wao wanacheka."

"Ni furaha ya kumwona baba mkubwa," nikasema.

"Nilisema mimi. Ng'ombe akizeeka, unamla. Hii..." akaizunguka, akaigusa tairi kwa fimbo, "hii utaila upande gani?"

Nikajifunga kanga upya kichwani.

Sudi sasa kafungua boneti na kawa mtu mwingine, kama mkunga uchungu umeanza. Haongei haraka tena. Kachomoa waya mmoja wa plagi, kamwambia Yona azungushe, kaangalia. "Moto hauji." Kaweka mkono juu ya kidude kimoja cheusi, mfano wa chupa ya dawa, kautoa upesi. "Koili. Inaunguza kama jiko." Halafu kanigeukia.

"Bibi, hapa tumesimama muda gani?"

"Hatujasimama. Tumesalimia tu."

Akakaa kwenye bampa. "Na kule kwenu ikigoma, mnakuwa mmesalimia?"

"Sasa fundi, utampita mtu mzima njiani usimsalimie?"

"Na gari mnazima?"

"Utamsalimia mtu mzima chuma kinamnguruma usoni?"

"Lakini bibi, nimewauliza jana. Nimewauliza mkisimama mnafanya nini. Mkasema hamfanyi kitu."

"Kusalimia ni kitu?"

Yona akawa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Sudi alicheka mpaka machozi yakachora njia kwenye grisi. Akatueleza, na nitawaeleza nilivyoelewa. Gari ikitembea, feni na upepo vinaipoza. Ukiizima ikiwa ya moto, upepo unakwisha, joto lote linapanda juu kama kwenye chungu kilichofunikwa, na ile koili ina ufa ndani, joto likipanda inaacha kupeleka moto kwenye plagi. Ukizima ukawasha papo hapo, kama gereji, joto halijapanda. Ukila mbuzi mzima Kibaigwa, limeshashuka. Katikati hapo, joto likiwa juu kabisa, ndipo inagoma. Na hapo katikati, watu wa Dar hawana kitu wanachofanya. Sisi tunaulizana hali.

"Nataka kitambaa na maji nihakikishe," akasema.

Kitambaa nikatoa kanga niliyojifunga kichwani. Maji, mnajua Kongwa maji yanavyotafutwa. Nikamwangalia Ndahani. Ndahani akaangalia gari, akamwangalia Yona. Halafu akaingia ndani mwenyewe, akatoka na kibuyu. Sudi akalowesha kanga, akaivisha ile koili, akamwagia tena. Ikatoa mvuke. Tukangoja. Ndahani naye kaingiza kichwa ndani ya boneti, anamwagia mwenyewe kidogo kidogo, polepole, kama mtu anampoza mtoto mwenye homa.

Yona akazungusha. Ikawaka.

Ndahani akasimama wima. Gunia lake safari hii halikuwa zito. "Kumbe inaugua kama kiumbe," akasema. "Hamkuniambia kama inaugua. Mimi nilijua imekufa."

Akatuonyesha mlango, tukashusha mchele.

Jioni tukala ugali wa uwele na mlenda. Sudi akachota mlenda, ukamfuata mpaka mdomoni, akainua mkono ukamfuata, akasimama ukamfuata. Akasema, "Bibi, huu unazimwaje?" Wake za Ndahani wote wawili wakatoka nje kucheka. Mkononi tukamfundisha, unazungusha, unakata. Akala mpaka akalamba vidole.

Kurudi mjini, bila kusalimia mtu

Ijumaa Ndahani hakutuachia mpaka tumekula cha mchana, ndipo Sudi akatoa amri. "Bibi, leo hatusalimii mtu mpaka gereji. Meneja lazima aone kwa macho yake. Nikisema mimi atasema nimepewa samaki."

"Umepewa samaki."

"Ndiyo maana."

Basi tukaenda. Nilipunga mkono njia nzima kama kiongozi wa kitaifa, na aibu imenijaa. Chamwino mzee Mika alikuwepo tena na baiskeli yake. Safari hii hata mwendo hatukupunguza. Niliinama chini nikajifanya natafuta kiatu.

Tukaingia gereji gari ya moto, wanakaribia kufunga. Sudi akazima, akashuka, akaninong'oneza, "Bibi, kazi kwako. Usimwachie."

Meneja katoka, muhuri mdomoni. "Mama. Karibu. Imeonekana problemu?"

"Mwanangu," nikasema, "mbona hujanisalimia."

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama mama, sasa hii gari..."

"Nyumbani wameamkaje?"

"Salama."

"Watoto?"

"Wazima." Anaangalia saa. Nikausogelea mkono wenye saa nikaushika, nikaushusha, taratibu.

"Mama yako je, yu hali gani?"

Na hapo, ndugu zangu, muhuri ukaisha wino. Akavua miwani. Akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo sikujua anayo, kwamba mama yake anaumwa, yuko Mpwapwa, miguu inavimba, na yeye hajaenda tangu Pasaka, kazi nyingi. Nikamwuliza inavimba asubuhi au jioni. Akaeleza. Nikamwuliza nani anamchotea maji. Akaeleza. Aliponiambia kwamba mama yake kila akitumiwa mtu humwuliza tu, "Amekonda?", aliifuta miwani kwa shati, na mimi nilikuwa nimeshasahau gari kabisa, namwambia habari ya kuinua miguu juu ya mto na kumpeleka hospitali asingoje, mpaka Sudi akakohoa.

"Bosi," akasema Sudi. "Washa gari mwenyewe."

Meneja akavaa miwani, akapanda, akazungusha. Nye-nye-nye-nye. Akanikodolea macho kupitia kioo, kama nimemloga.

Sudi akaivisha koili ile kanga yangu yenye maji mbele ya meneja. Wakangoja. Ikawaka. Akamwonyesha mara mbili ili asiseme bahati.

Meneja akashuka. Nilingoja muhuri, haukuja. Akasema tu, "Tutaibadili. Sudi, leta mpya, usiondoke kabla hujafunga." Halafu akanisindikiza mpaka kivulini, akaniuliza ile habari ya mto, unawekwa chini ya magoti au chini ya visigino.

Bahi

Jumamosi tukarudi nyumbani. Yona anaendesha, anatabasamu na barabara. Njiani tukamkuta mzee Chilewa, palepale, ng'ombe wale wale, tundu la sikio lile lile.

Yona akapunguza mwendo. Akaniangalia. Nikaangalia mbele.

Akasimama. Akazima. Tukashuka.

Tukasalimiana. Za mjini, za Kongwa, Ndahani goti lake, watoto, wajukuu, mvua, mtama. Chilewa akauliza upande wake wote kwa pua yake. Yona mkono wake ulikuwa unachezea ufunguo, jasho linamtoka.

"Mama," akasema, "tumemaliza?"

"Bado," nikasema. "Hatujauliza mbuzi."

Tukauliza mbuzi. Wameamka. Mmoja kazaa mapacha, tukauliza mapacha. Punda naye nikamwulizia, kwa vile alitajwa safari ile. Chilewa akasema hajambo, anagoma bado.

Ndipo tukaagana. Yona akapanda, akashika ufunguo, akafumba macho, akazungusha.

Ikawaka kabla sijafunga mlango wangu.